Kabla ya Fungate ya Sicily: Wajue Wanawake Waliotutangulia



Mwezi uliopita alitujia bi harusi mmoja pamoja na mama yake mdogo. Vitambaa alikuwa keshanunua, orodha keshaandika. Nguo za siku ya hina, nguo za ndoa, nguo za kupokelea wageni. Mwisho wa orodha aliandika "nguo za kule". Tukamuuliza kule wapi. Akatuambia fungate yao watakwenda Sicily, kile kisiwa kikubwa cha Italia katika bahari ya Mediterania, mwezi wa saba, siku nane. Mume amekwishaona picha za pwani, masoko ya usiku na mlima unaotoa moshi, na moyo wake umeshakwenda.

Tulipofika kwenye nguo za kule, hakutaka mitandio. Alitaka magauni tu, na mikono mifupi. Akasema, "Dada zangu, kule hakuna anayevaa kama sisi. Nitaonekana kama mtu aliyepotea njia." Mama yake mdogo alinyamaza, akatutazama sisi.

Kazi yetu ni kushona, kutoa fatwa si kazi yetu. Lakini neno lile la kupotea njia lilitukaa. Tukamwambia atuachie vitambaa, aje Alhamisi, na sisi tutamhadithia jambo kuhusu hicho kisiwa anachokwenda. Aliyoyasikia Alhamisi ndiyo haya tunayowaandikia hapa, maana tunajua si yeye peke yake mwenye safari kama hiyo.

Sicily ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Mediterania, karibu mara 15 ya Unguja. Kipo kati ya Italia na Tunisia, na kwa sababu hiyo kila aliyekuwa na majahazi alikitaka. Waislamu waliteremka huko mwaka 827, katika mji wa Mazara, upande unaoitazama Afrika. Aliyewaongoza alikuwa kadhi wa Kairouan, Asad ibn al-Furat, mwanachuoni mtu mzima aliyesoma kwa Imam Malik mwenyewe. Alifariki mwaka uliofuata, kabla hajauona mji wa Palermo, uliochukuliwa mwaka 831. Kutoka hapo Waislamu wakakaa kisiwani, wakalima, wakaoa na kuozesha. Msafiri Ibn Hawqal alipofika Palermo mwaka 973 alihesabu misikiti inayozidi 300.

Walichokipanda Waislamu wale bado kiko ardhini. Walileta miwa, malimau na machungwa ya uchungu, na mifereji ya kumwagilia maji. Ukisikia Muitaliano anasema "zucchero", ni sukari. Akisema "zafferano", ni zafarani. "Gelsomino" ni yale yale maua ya asumini tunayoyatia kwenye nywele za bi harusi. Na ua la mchungwa Wasicily wanaliita "zagara", kutoka zahr ya Kiarabu.

Mwaka 1072 Palermo ikachukuliwa na Wanormani, Wakristo waliotoka kaskazini, na kufikia 1091 kisiwa chote kikawa chao. Hapa ndipo hadithi inapotuhusu sisi wenye sindano. Wafalme wale hawakuwa na mafundi wa kuwazidi Waislamu, basi waliwaweka ndani ya jumba lao. Palikuwa na karakana ya nguo za mfalme iliyoitwa "tiraz". Neno hilo tunalo. Tunapotia nakshi kofia ya bwana harusi au ukingo wa joho, tunasema tunatarizi. Ni neno moja, limetoka mlango mmoja.

Kazi moja ya karakana ile ipo mpaka leo, imehifadhiwa Vienna, nchini Austria. Ni joho la mfalme Roger wa Pili, la hariri nyekundu, limetariziwa kwa nyuzi za dhahabu na kuzungushiwa lulu. Katikati umesimama mtende, na kila upande simba amemwangusha ngamia. Kwenye ukingo wa chini yamepita maandishi ya Kiarabu ya khati ya Kufi yanayosema kwamba joho limetengenezwa katika karakana ya mfalme, katika mji mkuu wa Sicily, mwaka 528. Mwaka wa Hijria, dada zetu, juu ya joho la mfalme wa Kikristo! Baadaye likavaliwa na wafalme wengine wa Ulaya siku za kutawazwa kwao, kwa karne nyingi. Waliokuwa wakililia Ulaya ya Kikristo walikuwa wamejifunika kazi ya mkono wa Kiislamu.

Roger huyo huyo alimwita kwake mwanachuoni wa jiografia, al-Idrisi, amtengenezee ramani ya dunia na kitabu cha kuielezea. Kitabu kilimalizika mwanzoni mwa 1154. Ndani yake imetajwa pwani yetu, Malindi na Mombasa, na kimetajwa kisiwa ambacho wenye kusoma maandishi hayo wanakitambua kuwa ni Unguja. Al-Idrisi anaeleza kuwa watu wake wengi ni Waislamu, na kwamba chakula chao kikubwa ni ndizi, za aina tano. Moja katika hizo anaiita sukari. Kila mwenye kwenda sokoni anajua ndizi gani inaitwa kisukari. Kwa hiyo bi harusi wetu anapodhani anakwenda mahali ambapo hajulikani, ajue kwamba watu wa kisiwa kile walikuwa wakiandika habari za kisiwa chetu karibu miaka 900 nyuma.

Sasa tumfikie aliyetufanya tumwite bi harusi arudi Alhamisi. Ni Ibn Jubayr, mwandishi aliyetoka Granada kwenda Hija mwaka 1183. Katika kurudi, chombo chao kilivunjika karibu na Messina, mwezi wa Disemba 1184. Walikuwa katika Ramadhani. Mfalme wakati huo alikuwa William wa Pili, mjukuu wa Roger, na Ibn Jubayr anasimulia kwamba mfalme alilipa ujira wa mashua ili Waislamu masikini waliokuwa chomboni nao wateremshwe salama. Kutoka Messina akafuata pwani mpaka Palermo.

Sikukuu ya Krismasi ya mwaka ule ilimkuta mjini Palermo. Akaenda kutazama, na alichokiona akakiandika. Wanawake wa Kikristo walikuwa wakielekea makanisani wamevaa mavazi ya wanawake wa Kiislamu. Nguo za hariri zenye dhahabu, wamejitanda mashuka mazuri, wamejifunika shungi za rangi, miguuni viatu vilivyotiwa dhahabu. Wamejipamba vito, wametia hina vidoleni na manukato mwilini. Tena ndimi zao zilikuwa fasaha. Hakuna walichoacha, anasema, katika mapambo ya wanawake wa Kiislamu.

Tulipofika hapa bi harusi aliweka chini kikombe chake cha chai. Akauliza, "Wakristo ndio waliovaa hivyo?" Tukamwambia ndiyo. Katika mji ule, wakati ule, mwanamke aliyetaka kuonekana amependeza na mwenye cheo alijisitiri kama Muislamu. Hina haikuwa alama ya mtu aliyepotea njia. Ilikuwa ndiyo fasheni ya mji mkuu.

Ibn Jubayr anamtaja pia fundi mmoja wa jumba la mfalme, Yahya ibn Fityan, kazi yake kutarizi nguo za mfalme kwa dhahabu. Fundi huyu ndiye aliyempa habari za ndani. Alimwambia kuwa ndani ya jumba wajakazi wa Kiislamu walikuwa wakishika dini yao kwa siri, na kwamba mwanamke wa Kikristo akiingizwa mle, mara nyingine alisilimu kwa sababu ya wema aliouona kwao. Siku moja, anasimulia, tetemeko la ardhi lilitikisa kisiwa. Mfalme akapita jumbani na kila alipopita akasikia wanawake na watumishi wake wakimtaja Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Walipomwona wakaingiwa na hofu. Yeye akawatuliza, akawaambia kila mmoja amwite yule anayemwabudu.

Tungeweza kuishia hapa, na hadithi ingekuwa tamu. Lakini Ibn Jubayr alikuwa mkweli, na sisi tulimuahidi bi harusi hadithi nzima.

Kutoka Palermo msafiri alikwenda Trapani kungoja chombo cha kumrudisha kwao. Huko ndiko alikosali Idi, na akashangaa kuwaona Waislamu wa mji wakitoka kwenda kusali kwa ngoma na mabaragumu bila ya kuzuiliwa. Nje mambo yalikuwa mazuri. Lakini alipokaa na watu wakamfungulia vifua. Walimwambia kuwa mtoto akigombana na baba yake, au mke akikasirikiana na mumewe, akikimbilia kanisani akabatizwa, basi ndiyo ametoka, haiwezekani tena kumrudisha. Wazazi waliishi kwa kuwaendekeza watoto wao kwa hofu hiyo. Wakubwa wa Kiislamu waliteswa na kutozwa mali mpaka wengine wakaiacha dini.

Akasimulia habari moja ambayo sisi hatuwezi kuisoma bila ya kusimamisha cherehani. Mtu mmoja mwenye heshima mjini Trapani alimtuma mwanawe kwa mmoja wa mahujaji. Akamwomba amchukue binti yake, aliyekuwa bado mdogo, aende naye nchi ya Waislamu. Akimridhia atamuoa, na asipomridhia amwoze kwa mtu wa kwao. Hakutaka chochote zaidi ila binti atoke kisiwani na dini yake, na yeye mwenyewe akitumai siku moja atapata njia amfuate. Binti alipotakwa shauri akajibu kwamba akizuiwa, dhima itakuwa kwa wanaomzuia. Hakuwa na mama. Alikuwa na kaka wawili na mdogo wake wa kike, na wote aliwaacha nyuma.

Kila wiki tunaona bi harusi akilia siku ya kutoka kwao, na nyumba ya mume iko mtaa wa pili. Mama yake ataletewa chakula jioni, na Ijumaa atakwenda kumwona. Yule wa Trapani alipandishwa chomboni na wageni, akijua huenda asimwone baba yake tena. Baba yake alikuwa na mali na jina. Kitu kimoja tu hakuweza kumpa mwanawe, uhakika kwamba atabaki Muislamu.

Na baba yule aliona mbali. Mfalme William alifariki mwaka 1189 bila ya mtoto, na muda mfupi baadaye Waislamu wa Palermo wakashambuliwa, wengi wakakimbilia milimani. Miaka ya 1220 mfalme Frederick wa Pili, mtu aliyekulia Palermo na aliyependa elimu ya Waarabu, alianza kuwahamisha Waislamu wa kisiwani kwa nguvu. Waliobaki walihamishwa miaka ya 1240. Walipelekwa Lucera, mji wa bara ya Italia, mbali na bahari yao. Wakakaa pale na misikiti yao mpaka mwaka 1300. Ndipo mfalme Charles wa Pili wa Anjou alipouvunja mji, na watu wake wengi wakauzwa utumwani.

Joho likabaki. Malimau yakabaki, na majina ya miji yakabaki. Marsala imetokana na marsa, bandari. Caltanissetta, wengi wanasema, ni Qal'at an-Nisa, ngome ya wanawake. Lakini waliokuwa wakisali wakaondoka.

Hili ndilo tulilotaka bi harusi wetu alisikie. Wanawake wa Palermo walichukua hina, shungi, hariri na udi, wakaviacha vilivyokuwa nyuma yake. Vilikuwa pambo, na pambo hubadilika kila msimu. Binti wa Trapani aliacha kila pambo alilokuwa nalo, akaondoka na kile kisichoonekana. Sisi wa visiwani tunajua sana kupamba. Hina yetu, piko yetu, asumini yetu, watalii wanatulipa tuwapake. Tukivua mtandio kwenye uwanja wa ndege kwa sababu hakuna atakayetujua, basi sisi na wale wanawake wa Krismasi ya 1184 tumevaa vazi lile lile kwa sababu ile ile.

Hatusemi asiende. Mwenyezi Mungu ametuambia tutembee katika ardhi tutazame. Tunasema aende akijua anatazama nini. Kwa hiyo mwenye kupanga safari hii, haya ndiyo tuliyomwandikia bi harusi kwenye karatasi.

Viza anza mapema. Italia imo katika nchi za Schengen, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, wala yasiwe chini ya siku 15. Bima ya safari inatakiwa ifikie euro 30,000. Cheti cha ndoa kiwe tayari kimetafsiriwa, hasa ikiwa pasipoti yako bado haina jina la mume.

Mwezi wa saba jua ni kali, na magharibi huingia kama saa mbili na nusu usiku, isha baada ya saa nne. Panga matembezi yako kwa kufuata sala, mchana mrefu utakusaidia. Hapa kwetu kibla ni kaskazini, kule utaelekea kusini mashariki. Palermo na Catania kuna misikiti. Mazara, pale alipoteremka kadhi Asad, leo wanaishi wavuvi wengi kutoka Tunisia na familia zao, na mitaa ya mji wa kale bado inaitwa Kasbah.

Palermo usikose mambo matatu. La kwanza ni kanisa la ndani ya jumba la mfalme, Cappella Palatina. Tazama juu, dari yake ya mbao imechongwa na kuchorwa kwa ufundi wa Kiislamu, na maandishi ya Kiarabu yamo. La pili ni jumba la Zisa, lililojengwa kuanzia 1165, jina lake ni al-Aziza, na ndani yake maji yalipitishwa sebuleni ili kupoza joto. La tatu ni kanisa kuu la mji. Kwenye ukumbi wa mlango wa kusini kuna nguzo imechongwa aya ya 54 ya Surat al-A'raf. Simama hapo na mume wako muisome. Ni nguzo iliyobaki katika nyumba isiyo yake, na bado inasema ilichoambiwa iseme.

Katika chakula, Trapani wanapika kuskusi ya samaki, inayopikwa kwa mvuke kwenye chungu, na ni raha ya mla halali. Uliza tu kama mchuzi umetiwa mvinyo. Vitamu vyao ni vizuri lakini viulizie. Maganda ya cannoli, kwa desturi yao, hutiwa mvinyo wa Marsala na mafuta ya nguruwe, na keki ya cassata mara nyingine hunyunyiziwa pombe. Granita ya limau au ya lozi, barafu iliyosagwa laini, itakutosheleza. Trapani utaipata hata ya asumini.

Na nguo. Mtandio wa kichwani haukatazwi Italia. Kwa joto lile chukua pamba nyepesi na kitani, rangi zisizovuta jua, gauni lenye mikono mipana ili upepo uingie. Hariri ya bandia iache nyumbani, itakuchoma. Makanisa yao yenyewe hutaka mabega na magoti yasitirike, na mlangoni utawaona watalii wengine wakihangaika kutafuta kitu cha kujifunika. Wewe utapita.

Bi harusi alisikiliza yote. Hakulia wala hakutoa ahadi, na sisi hatukumtaka atoe. Alimuuliza mama yake mdogo kama kitambaa cha rangi ya mchanga kitatosha mikono mirefu. Mama mdogo akasema kitatosha na kitabaki. Akaondoka. Jioni akatuma ujumbe: mitandio mitano, na mmoja tuutarizi ukingoni kwa zari, mtende katikati.

Tumeshaukata. Simba hatukuwatia.

Mwenyezi Mungu awajaalie mabibi harusi wetu ndoa za kheri, awape safari za salama, na awarudishe majumbani kwao na dini yao kama walivyoondoka nayo. Na amrehemu yule binti wa Trapani, ambaye jina lake hatulijui, pamoja na baba aliyemwachia aende. Aamin.